Winchi ya Gari la Parokia: Kuifunga, Kuipa Umeme na Kuitumia kwa Usalama



Ndugu wanakamati na wapendwa wafadhili, kila mwaka masika yanapokaribia, maombi ya winchi huongezeka. Zahanati ya kigangoni inataka gari la wagonjwa liweze kupita. Mradi wa maji unataka gari la mafundi lisilale porini. Paroko anataka kufika vigango vya mbali siku ya Pasaka. Haya yote ni mahitaji ya kweli. Lakini maombi mengi huwa na mstari mmoja tu: "winchi moja ya umeme". Somo hili linaeleza kwa nini mstari huo hautoshi.

Jambo kuu tunalotaka lieleweke ni hili: winchi haifanyi kazi peke yake. Inategemea chesisi, bolti, betri, kebo, waya, mti na watu wanaoitumia. Kimoja kikiwa dhaifu, fedha zimepotea, na pengine mtu ameumia au amekufa. Kwa hiyo kamati inayopitisha winchi ipitishe vyote kwa pamoja, au isipitishe kabisa.

1. TUNAIHITAJI KWELI?

Winchi ni mashine ya kulivuta gari lililonasa, kwa kuzungusha waya kwenye ngoma iliyofungwa mbele ya gari. Haiongezi nguvu ya matairi wala haizuii gari kukwama. Kabla ya kuiomba, kamati ijiulize mambo matatu.

Kwanza, gari linakwama wapi? Kama ni sehemu moja inayojulikana, kwa mfano bonde lenye udongo mweusi wa mbuga, pengine kalvati na kifusi cha moramu vitasaidia watu wote wa kijiji, siyo gari letu tu. Pili, je, matairi ni mazima, na gari lina koleo, jeki imara, mbao mbili za kuweka chini ya magurudumu na mkanda wa kuvutia? Mara nyingi vitu hivi hulitoa gari bila winchi. Tatu, je, gari husafiri peke yake mahali ambapo hakuna gari lingine la kulivuta? Kama jibu ni ndiyo, hapo winchi ina maana. Gari linalobeba mama mwenye uchungu wa kujifungua usiku wa mvua haliwezi kusubiri trekta mpaka asubuhi.

2. KUCHAGUA UKUBWA

Tuchukue mfano wa Toyota Land Cruiser ya ngazi ya 70, gari linalotumika sana katika zahanati na misheni zetu. Likiwa na watu, mafuta na mizigo hufikia takriban tani 3, na mengine huzidi. Kanuni inayotumika duniani ni kuchukua uzito wa gari likiwa limejaa, kisha kuzidisha kwa 1.5. Tani 3 mara 1.5 ni tani 4.5. Winchi nyingi huandikwa kwa paundi: paundi 9,500 ni tani 4.3, paundi 10,000 ni tani 4.5, na paundi 12,000 ni tani 5.4. Kwa gari letu la mfano, ndogo kabisa ni ya paundi 10,000.

Hesabu ifanywe kwa gari lililojaa, siyo gari tupu. Gari la wagonjwa halikwami likiwa tupu.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi. Nguvu iliyoandikwa kwenye winchi hupatikana tu waya ukiwa umebaki tabaka la kwanza, yaani lile linalogusa ngoma yenyewe. Kila tabaka linaloongezeka juu yake hupunguza nguvu kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi au zaidi. Ngoma ikiwa imejaa waya, winchi ya tani 4.5 inaweza kuvuta takriban tani 3 tu. Ndiyo maana dereva anayejua kazi yake huchagua mti ulio mbali kuliko ulio karibu, ili waya mwingi utoke.

Linganisha sasa na tope. Madereva wa uokoaji hufundishwa makadirio haya: gari likizama mpaka magurudumu, nguvu ya kulivuta hukaribia uzito wa gari lenyewe. Likizama mpaka madigadi, nguvu hiyo ni mara mbili ya uzito wake. Gari letu la tani 3 lililozama mpaka madigadi linadai tani 6. Hakuna winchi ya paundi 10,000 itakayolitoa kwa kuvuta moja kwa moja. Lazima koleo litangulie, na kapi litumike, kama tutakavyoona.

3. KUIFUNGA KWENYE GARI

Winchi yenye waya wa chuma ina uzito wa takriban kilo 40. Ukiongeza bampa la chuma la kuibebea, mbele ya gari huongezeka kilo 100 hivi. Springi za mbele zilizochoka zitalala, na taa zitaelekea chini. Fundi azikague kabla ya kuanza.

Jambo la lazima ni kwamba winchi ifungwe kwenye chesisi. Bampa la bati lililokuja na gari halikutengenezwa kuvutwa kwa tani 4. Panatakiwa bampa maalumu au bamba la chuma lililotengenezwa kwa aina hiyo ya gari, nalo lishikwe na bolti kwenye chesisi pande zote mbili. Winchi nyingi za ukubwa huu zina matundu manne ya bolti yaliyo katika kipimo kimoja, milimita 254 kwa 114, hivyo bampa lililotengenezwa vizuri litazipokea bila kutobolewa upya.

Mambo ya kukagua fundi akimaliza:

(a) Bolti ziwe na alama ya 8.8 kichwani, au zile zilizokuja na winchi. Bolti za kawaida za dukani hukatika.

(b) Chesisi isichomelewe ovyo. Joto la kuchomelea hudhoofisha chuma, na ufa huanzia hapo.

(c) Mkono wa klachi wa kuachia ngoma uweze kufikiwa na kuzungushwa bila kubanwa na bampa.

(d) Rejeta isizibwe, na namba ya gari ionekane.

(e) Kama gari lina mifuko ya hewa ya usalama mbele, bampa liwe lile lililoidhinishwa kwa gari lenye mifuko hiyo.

(f) Mbele ya ngoma pawe na rola za kuongozea waya wa chuma. Kama itatumika kamba ya sintetiki, pawekwe kiongozi laini cha alumini. Rola zilizokwanguliwa na waya wa chuma hukata kamba ya sintetiki.

4. UMEME: MAHALI PANAPOHARIBIKA MARA NYINGI

Hapa tunaomba msomaji awe na subira, maana winchi nyingi zilizoharibika katika miradi hazikuharibiwa na tope bali na umeme.

Winchi ya paundi 10,000 ikivuta mzigo wake wote hutumia takriban ampea 400. Kwa volti 12, hizo ni wati 4,800, sawa na pasi nne za umeme zikiwaka pamoja. Starta ya injini ya dizeli nayo hutumia mamia ya ampea, lakini kwa sekunde chache tu. Winchi hudai kiasi hicho kwa dakika nzima na zaidi.

Umeme huo unatoka wapi? Altaneta ya gari la namna hii mara nyingi hutoa ampea 80 hivi. Basi ampea 320 zinazobaki hutoka kwenye betri. Winchi yenye mzigo mzito huvuta mita moja hadi mbili kwa dakika. Kulisogeza gari mita 5 kunaweza kuchukua dakika 3 au zaidi. Kwa dakika 3, betri imetoa ampea-saa 16. Kwa hesabu ya karatasi, betri ya ampea-saa 70 ingedumu dakika 13. Kwa kweli haifiki hapo, kwa sababu betri inayotolewa umeme kwa kasi hivyo hushuka volti mapema sana, na betri ya zamani hushuka mapema zaidi.

Kutokana na hesabu hiyo tunapata kanuni hizi:

Injini iunguruke wakati wote wa kuvuta, ikiwa imeongezwa mzunguko kidogo, ili altaneta itoe yote iliyo nayo.

Betri iwe nzima na ya nguvu. Watengenezaji hutaka uwezo wa kuwasha wa angalau ampea 650. Kwa gari la zahanati, lenye taa na vifaa vingine, betri mbili ni bora: moja ya kuwashia injini na ya pili ya winchi, zikitenganishwa na swichi maalumu ili winchi ikimaliza yake, gari bado liwake. Kulitoa gari kwenye tope kisha likashindwa kuwaka ni hasara ileile.

Winchi ipumzishwe. Vuta kwa dakika moja hivi, simama, gusa mota. Ikiwa ni ya moto kiasi cha kutoshikika, ngoja ipoe. Mapumziko hayo pia huijaza betri.

Volti zilingane. Baadhi ya magari haya yana mfumo wa volti 24. Gari la volti 24 linunuliwe winchi ya volti 24. Kuifunga winchi ya volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili huziua betri zote mbili, kwa sababu moja huchoka na nyingine hujazwa kupita kiasi.

Sasa tuje kwenye kebo, kitu ambacho hupunguzwa ili bei ishuke. Tuseme kutoka betri hadi winchi ni mita 2, na kurudi mita 2, jumla mita 4. Kwa ampea 400, kebo ya shaba yenye unene wa milimita za mraba 35 hupoteza takriban volti 0.8. Ya milimita za mraba 50 hupoteza chini ya volti 0.6. Lakini ya milimita za mraba 10, ambayo kwa jicho la mnunuzi bado inaonekana "nene", hupoteza volti 2.8. Volti hizo hazipotei bure: hugeuka joto la zaidi ya wati 1,000, yaani pasi moja ya umeme ikiwaka ndani ya kebo, chini ya boneti, karibu na mafuta. Magari huungua kwa namna hiyo.

Kuna hatari nyingine. Volti zikishuka sana, swichi za sumaku zilizo kwenye kisanduku cha winchi hushindwa kushika imara. Huruka-ruka, hutoa cheche, na mwisho chuma chake huungana. Hapo dereva akiachia kitufe, winchi haisimami. Inaendelea kuvuta huku watu wamesimama karibu.

Kwa sababu hiyo fundi atimize yafuatayo:

(a) Kebo zote mbili, chanya na hasi, zifike kwenye betri moja kwa moja. Hasi isiishie kwenye bodi ya gari.

(b) Kebo ziwe za shaba tupu. Siku hizi zipo za alumini zilizopakwa shaba. Mnunuzi akwaruze ncha aone rangi ya ndani.

(c) Vichwa vya kebo vibanwe kwa chombo chake, siyo kwa nyundo.

(d) Swichi kuu ya kukata umeme iwekwe karibu na betri, mahali dereva anapoifikia haraka. Iwe imezimwa siku zote winchi isipotumika.

(e) Kebo ipite mbali na ekzosi na ncha kali, na kila inapopita kwenye tundu la bati pawekwe mpira.

Zipo pia winchi zinazozungushwa na injini kupitia gia, na nyingine kwa mafuta ya haidroliki. Hazimalizi betri, lakini injini ikizima nazo husimama, na ufungaji wake unahitaji fundi aliyebobea. Kwa parokia nyingi, ya umeme inatosha.

5. WAYA, KAPI NA MTI

Waya wa chuma huvumilia mchanga, mawe na jua, lakini ni mzito, hukatika nyuzi zinazochoma mikono, na ukikatika ukiwa umekazwa huruka kwa nguvu ya kuua. Kamba ya sintetiki ni nyepesi na hairuki kwa nguvu kama hiyo, lakini hukatwa na mawe, huliwa na jua na mchanga, na bei yake ni kubwa. Kamati ichague kwa kuzingatia matunzo itakayoweza kuyatoa.

Siku ya kwanza, kabla ya kazi yoyote, waya utolewe wote isipokuwa mizunguko 5 ya mwisho, kisha uzungushwe tena ukiwa na mzigo, kwa mfano gari likijivuta taratibu kwenye mteremko mdogo. Waya uliozungushwa ukiwa legevu huzama kati ya tabaka na kujibana. Mizunguko hiyo 5 isitoke kamwe. Kwa kamba ya sintetiki iachwe angalau 8, kwa sababu hushika ngoma kwa msuguano tu.

Kapi ni kifaa kidogo chenye faida kubwa. Waya ukipita kwenye kapi lililofungwa mtini na kurudi kwenye gari, winchi hubeba nusu ya mzigo. Mwendo hupungua kwa nusu, lakini mota haichemki na umeme unaotakiwa kwa wakati mmoja ni mdogo. Ile tani 6 ya gari lililozama inagawanyika kuwa tani 3, na winchi yetu sasa inaweza. Kumbuka tu kwamba mti, mkanda na pingu za chuma vinabeba mzigo wote wa pande mbili, kwa hiyo mkanda uwe na uwezo usiopungua mara mbili ya winchi.

Mti ufungwe kwa mkanda mpana, chini karibu na ardhi. Waya usizungushwe mtini na kujifunga wenyewe kwa ndoano: mti utachubuka na kufa, na waya utavunjika kwenye kona. Penye mbuga isiyo na mti, tairi la akiba huzikwa kwenye shimo lenye kina cha karibu mita moja, nalo huwa nanga. Ni kazi ya jasho, lakini inafanya kazi. Ndoano ya gari la pili ifungwe kwenye chesisi, kamwe isifungwe kwenye mpira wa kuvutia tela, kwani mpira huo ukivunjika huruka kama risasi.

6. SIKU YA KUKWAMA

Kwetu gari likinasa, kijiji kizima hukusanyika. Vijana husukuma, akina mama hutoa ushauri, watoto wa shule husogea kuona waya. Huo ni upendo wa jirani, lakini mbele ya winchi ni hatari. Dereva afuate utaratibu huu bila aibu:

(1) Abiria washuke. Mgonjwa asiyeweza kutembea abaki na mhudumu mmoja.

(2) Koleo kwanza. Ondoa tope mbele ya magurudumu na chini ya tumbo la gari.

(3) Mtu mmoja tu ndiye anayetoa amri, na amri ya "simama" yeyote anaweza kuitoa.

(4) Watu wote wakae mbali mara moja na nusu ya urefu wa waya uliotolewa. Hakuna anayeruka waya, hakuna anayesukuma gari wakati winchi inavuta.

(5) Vaa glavu za ngozi. Weka blanketi zito au gunia lenye mchanga kidogo katikati ya waya, ili ukikatika uangukie chini.

(6) Kaza waya taratibu, simama, kagua kila kiungo, ndipo uvute.

(7) Ukimaliza, zungusha waya kwa mpangilio, zima swichi kuu, na andika kwenye daftari la gari.

Winchi ya gari isitumike kuinua watu, wala kumshusha fundi kisimani. Breki yake imetengenezwa kwa kuvuta, siyo kwa kuning'iniza uhai wa mtu.

7. NENO KWA KAMATI NA WAFADHILI

Katika Luka 14:28-30 Bwana Yesu anazungumzia mtu anayetaka kujenga mnara, na jinsi inavyompasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Maombi ya winchi yanayoletwa kwenye idara yaonyeshe gharama hizi zote: winchi, bampa la kufungia kwenye chesisi, betri na swichi ya kuzitenganisha, kebo na swichi kuu, kapi, mkanda wa mti, pingu mbili zenye alama ya uwezo wake, glavu, koleo, kazi ya fundi, siku moja ya mafunzo kwa madereva wote, na waya wa akiba baada ya miaka michache. Kampuni ya bima nayo ijulishwe kuhusu badiliko la gari.

Wafadhili wapendwa, tunajua ni rahisi kutoa kifaa chenye jina na picha kuliko kutoa kebo na mafunzo. Lakini kebo na mafunzo ndivyo vinavyomrudisha dereva nyumbani. Mkitaka kupunguza bajeti, tunaomba msipunguze hapo. Ni afadhali parokia moja ipate winchi kamili kuliko mbili zipate nusu. Na winchi iliyotumika ikitolewa kama zawadi, ipokelewe kwa shukrani, lakini waya wake ubadilishwe na kisanduku cha swichi kikaguliwe na fundi wa umeme wa magari kabla haijavuta chochote.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Gari letu likiwa limejaa lina uzito gani? Nani ameuona uzito huo kwenye mizani au kwenye kitabu cha gari?

2. Mwaka uliopita lilikwama mara ngapi, na wapi? Je, kuna mahali ambapo kalvati lingefaa kuliko winchi?

3. Betri ina umri gani, na altaneta hutoa ampea ngapi?

4. Kama winchi tayari ipo: kebo zake zina unene gani, na swichi kuu iko wapi? Kila dereva anaweza kuionyesha?

5. Ni nani kijijini atakayesaidia kuwaweka watoto mbali siku ya kuvuta?

Kamati ikiweza kujibu maswali haya kwa maandishi, iambatishe majibu pamoja na ombi lake. Ombi la namna hiyo husomeka upesi na hujibiwa upesi. Mungu awalinde madereva wetu na wote wanaowabeba katika msimu huu wa mvua.